Nukta Tatu za Penseli

Nianze na hili ili tusisumbuane: mimi ni fundi miwani, na ni fundi mzuri. Anayedhani najisifu avue miwani yake kwanza aitazame, kisha aulize nani aliisaga. Mwaka wa ishirini na tatu huu niko duka lile lile, mkabala na kituo cha mafuta. Chumba cha mbele kina ubao wa herufi, kiti cha kupimia na sanduku la lenzi za majaribio. Chumba cha nyuma kina mashine ya kusagia, ndoo ya maji, na mimi. Mtaa mzima unaniita Mama Miwani, na nikiitwa hivyo naitika kwa sauti.

Sasa fikiria fundi kama huyo yuko mezani asubuhi, chai iko mdomoni, na binti yake wa pekee anamwambia, "Mama, nataka kufanyiwa leza ya macho. Sitaki tena kuvaa miwani."

Nilipaliwa mpaka baba yake akaja kunipiga mgongoni.

"Hutaki miwani," nikasema nilipopata pumzi, "au hutaki miwani yangu?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Binti yangu tunamwita Kifaru. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo alipokuwa na miaka minne, kwa sababu alikuwa anakimbia kichwa mbele na kugonga kila kilichosimama: mlango, kabati, shangazi. Tulicheka sana, mpaka siku nilipomkalisha kwenye kiti changu nikampima, nikakuta mtoto haoni mbali. Sikucheka tena. Nilimsagia miwani siku ile ile, vilenzi vidogo kama vifungo vya koti. Alipoivaa alisimama mlangoni mwa duka, akatazama ng'ambo ya barabara, akapiga kelele, "Mama! Kumbe paka wa kituo cha mafuta ana uso!" Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kugusa macho ya Kifaru. Nampima mimi, namsagia mimi, na miwani ikilegea naikaza mimi.

Sasa ana miaka ishirini na tano, mabega mapana, na anataka kuwa askari wa zimamoto. Majaribio yote alikuwa ameshayashinda. Alikimbia, alivuta mpira wa maji, alipanda ngazi na mdoli wa mchanga mgongoni, mdoli mwenye uzito wa mtu mzima. Barua ikaja kwamba amekubaliwa, ila alete cheti cha daktari kuwa anaona sawasawa bila miwani, na kifike kabla ya mafunzo kuanza, miezi mitatu mbele. Asipokipeleka, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na mwakani umri utakuwa umempita, kwa hiyo hakuna cha mwakani.

"Waambie miwani yako haianguki," nikasema. "Naitia kamba."

Wifi yangu, ambaye kila neno la nyumba hii humkuta amekaa kwenye kiti changu, akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Mganga hajigangi! Unawavalisha miwani watoto wa watu, wa kwako anaikimbia."

"Kunywa chai, wifi, kabla sijaimwaga."

Kifaru hakubishana. Ndivyo alivyo, habishani, analeta ushahidi. Siku mbili baadaye alikuja dukani na barakoa aliyoazimwa kwenye kituo cha zimamoto, ile ya mpira yenye kioo mbele na bomba la hewa chini. "Vaa," akaniambia, "na miwani yako usiivue." Nikavaa. Akakaza mikanda kisogoni, kisha akachukua ukanda wa karatasi akaupitisha kando ya sikio langu, pale unapopita mkono wa miwani. Karatasi ikaingia hadi ikanigusa shavu.

"Hapo ndipo moshi unapoingilia," akasema.

Nikapapasa pale kwa kidole. Unaweza kubishana na mwanao, na mumeo ukabishana naye mchana kutwa, lakini fundi habishani na upenyo.

"Tunakwenda lini?" nikauliza.

Daktari wa macho namjua. Kliniki yake iko mitaa mitatu kutoka kwangu, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiniletea watoto: yeye anapima, anaandika namba kwenye kikaratasi, mzazi analeta kikaratasi kwangu, mimi nasaga. Ni kijana mpole, anaongea taratibu, ananiita mama. Alimpima Kifaru kwa mashine nne tofauti, nami nikasimama nyuma yake kuzikagua zote. Akasema kioo cha mbele cha jicho ni kinene vya kutosha. Akasema macho hayana ugonjwa wowote. Namba yake sita, jicho la kulia na la kushoto.

"Kimebaki kitu kimoja," akasema. "Jicho ambalo bado linabadilika hatuligusi. Leo utalinyoosha, mwakani litakuwa limepinda tena. Nataka kuona namba zake za nyuma, nijue limetulia."

"Ondoa shaka, daktari!" Kifaru akaruka. "Mama ana daftari. Kila mwaka, kila namba, tangu nikiwa na miaka minne. Hutaona daftari kama la mama yangu."

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kesho yake tulilipeleka. Daktari akafungua ukurasa wa mwaka jana. Akafungua wa mwaka juzi. Akavuta pumzi.

"Mwaka jana tano na robo," akasema. "Leo sita. Limepanda robo tatu ndani ya mwaka mmoja. Pole, dada. Halijatulia. Rudi baada ya mwaka, tulipime tena."

Kifaru alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, jambo ambalo nimemkataza tangu utotoni kwa sababu nguo inakwaruza lenzi. Siku hiyo sikumkataza.

Sasa nieleze kwa nini niliangalia viatu.

Fundi aliyenifunza kazi alikuwa mzee mkali, mikono yake ilinuka unga wa kusugulia mpaka siku alipozikwa. Alinipa kanuni moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote: kwa mtoto, kila namba mbili, punguza robo. Mtoto wa namba mbili msagie mbili kasoro robo. Wa nne, mpunguzie robo mbili. Jicho lipewe kazi ya kufanya, alisema, lisije likadeka na kuzidi kuharibika. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alikuwa akinguruma juu ya mashine, "na jicho ni mwana pia." Kwenye daftari unaandika namba uliyosaga, si uliyopima. Kisha kando yake unaweka nukta ya penseli kwa kila robo uliyoipunguza, ujue mwenyewe. Mtu mwingine akiona atadhani ni uchafu wa meza.

Kanuni ilikuwa ya watoto. Mtu akifika miaka kumi na minane, unamsagia namba yake kamili. Kifaru alifika kumi na minane nikasema mwakani. Akafika ishirini nikasema mwakani. Kwangu hakuwahi kukua. Kwa hiyo kando ya ile tano na robo ya mwaka jana kulikuwa na nukta tatu, na ya mwaka juzi nukta tatu, na ya mwaka uliotangulia huo nukta tatu. Macho ya mwanangu yalikuwa yametulia kwa miaka mitatu. Aliyekuwa anayapunguza ni mimi.

Nilirudi dukani nikakaa chumba cha nyuma bila kuwasha mashine. Nikisema, nimejianika. Madaftari yangu yamejaa nukta, na nusu ya watoto wenye nukta waliletwa na daktari yule yule, kwa mwandiko wake, kwa imani yake kwangu. Nani atanitumia mtoto tena? Nisiposema, Kifaru atakosa zimamoto, atabaki nyumbani, mbali na moto, na miwani yangu usoni mwake. Na nitasema kweli, maana nimeamua kusema: hilo la pili lilinifurahisha. Kidogo tu, lakini lilinifurahisha, na nilipojigundua nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kifaru akaingia, akaketi juu ya kreti.

"Usihuzunike, mama," akasema. Yeye ndiye ananibembeleza mimi! "Nisagie nyingine ya sita, basi. Macho yangu ndiyo mabaya, kazi yako haina kosa. Hata daktari aliniambia wakati unatafuta mkoba, hajaona daftari safi namna ile."

Jamani. Angenitukana ningevumilia.

"Simama," nikamwambia. "Shika hilo daftari."

"Tunakwenda wapi?"

"Mficha uchi hazai. Twende."

Nikafunga duka saa tano asubuhi, wateja wawili wakiwa kwenye benchi. Muuza vocha wa jirani akauliza nani amekufa.

Daktari alitupokea kati ya mgonjwa na mgonjwa. Sikukaa. Nilifungua daftari mezani kwake, nikaweka kidole kwenye nukta, nikamweleza yote: mzee, kanuni, robo, penseli. Nilisema haraka na kwa sauti kubwa, kwa sababu nikisema polepole ningeacha. Kifaru alikuwa amesimama kando yangu na sikuthubutu kumwangalia.

Daktari akafungua kurasa za nyuma. Kifaru alipokuwa wa namba mbili, nukta moja. Alipokuwa wa nne, nukta mbili. Akaichukua miwani ya Kifaru, akaiweka kwenye mashine yake: tano na robo, sawasawa na daftari. Akamrudishia, akamwelekeza kwenye ubao wa herufi.

"Miwani hii ilipokuwa mpya, mwaka jana, ungeweza kuusoma mstari wa chini kabisa?"

"Ule?" Kifaru akashangaa. "Ule sijawahi kuusoma maishani. Nilidhani ni pambo."

Daktari akaendelea kufunua, safari hii kurasa za watoto wengine. Nilijua anachokitafuta na nilijua atakipata.

"Huyu ni mgonjwa wangu," akasema. "Na huyu. Mama, huyu nilimwandikia nne."

"Ukamwandikia nne, nikasaga tatu na nusu."

"Hiyo ni imani ya zamani. Haisaidii jicho. Huenda hata inaliumiza." Hakupandisha sauti, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko angepandisha. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu nilikuwa najua," nikasema. "Ndiyo shida ya kujua. Nitawaita wote, daktari. Kila mwenye nukta nitamsagia upya, kamili, na nitamwambia mzazi wake kwa nini."

Akamgeukia Kifaru, akamwambia kwa nukta hizi anaona jicho lililotulia, lakini atalipima tena baada ya wiki nne ili asibahatishe, na wakati wa kupata cheti utatosha.

Nje, kwenye korido, Kifaru alisimama.

"Kwa hiyo sijawahi kuona vizuri?"

"Umeona vizuri kasoro kidogo."

"Mama, mwalimu wa hesabu alinisimamisha mbele ya darasa kwa nane niliyoisoma tatu! Nawe ukaniambia niache kukunja uso, nitazeeka mapema!" Akafunika mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. "Mimi nilidhani dunia ndivyo ilivyo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakukasirikia, usidhani umepona," akasema. "Lakini si leo. Leo nina furaha."

Watoto walikuwa thelathini na mmoja. Niliwaita mmoja mmoja, na kila mzazi nilimwambia uso kwa uso. Baba mmoja alinifokea mpaka muuza vocha akaja kusikiliza vizuri. Mama mwingine alichukua miwani mpya, akaondoka bila kwaheri. Wengine walisema kosa si kosa, kosa kurudia. Kijana wa darasa la sita alivaa yake mpya, akatazama ubao wangu wa herufi, akausoma mpaka chini bila kuombwa, na akauliza kama kuna mwingine. Wiki tatu nzima mashine haikupoa. Mgongo uliniuma na sikulalamika, na aliyeniona siku hizo atakwambia nilitembea nimeinua kichwa. Mafundi wanaoharibu ni wengi. Nitajie wangapi wanaoita watu warudi.

Wiki ya tatu hiyo aliingia mzazi mgeni na kikaratasi. Mwandiko wa daktari. Namba mbili na nusu, na chini yake ameandika KAMILI, akapiga mistari miwili. Nilikibandika ukutani, na kiko pale mpaka leo.

Baada ya wiki nne, Kifaru alipimwa. Sita na sita. Daktari akapanga siku.

Siku ya leza niliogopa, na sioni sababu ya kuficha. Baba yake alishindwa hata kuja, alibaki nyumbani akirekebisha bomba ambalo halikuharibika. Kabla ya kumwingiza ndani, daktari akanigeukia, uso mkavu kabisa.

"Mama, nikate sita kamili, au nimwachie robo tatu, jicho lisideke?"

"Kata zote," nikamwambia. "Usibakishe hata chembe."

Muuguzi akaangua kicheko. Mimi nikaketi mbele ya runinga yao ya ukutani, ambapo ndugu wanaruhusiwa kutazama. Jicho la mwanangu likajaa kioo kizima. Walilitia dawa ya matone ya ganzi, wakalishika kope lisifumbe. Daktari akainua utando mwembamba wa juu, kama ukurasa, akaulaza pembeni. Kisha mashine ikaanza kulia tikitiki, na sauti yake tulivu ikisema, "Tazama taa ya kijani, dada. Hivyo hivyo. Umefika nusu." Sekunde chache tu. Akaurudisha utando mahali pake, akaulainisha kwa kitu kidogo kama brashi, kisha akahamia jicho la pili.

Nikasimama bila kujua nimesimama. "Anasaga!" nikamwambia muuguzi. "Huyu anasaga lenzi! Ile ile kazi yangu, ila lenzi yenyewe ni jicho!" Muuguzi akaniomba nikae. Miaka yote nimesaga kioo nikakiweka mbele ya jicho la mtoto huyu. Hawa walikuwa wamemsagia lile alilozaliwa nalo, kwa kipimo nisichoweza kukishika kwa mkono, na walifanya kazi safi. Nilijivunia kana kwamba nami nilikuwa mle ndani.

Kesho yake asubuhi, akiwa na macho mekundu kidogo, Kifaru alisimama mbele ya ubao wa daktari bila kitu usoni. Alianza juu, akashuka mstari kwa mstari hadi wa chini kabisa, ule aliodhani ni pambo. Akausoma wote. Kisha akausoma kinyumenyume, kwa ujeuri. Cheti kikaandikwa pale pale, na nilikikunja mimi.

"Juani vaa miwani ya giza wiki kadhaa," daktari akamwambia. "Nunua popote."

"Popote?" nikasema. "Popote wapi?"

Nikaenda chumba cha nyuma nikamsagia, lenzi nyeusi, bapa, zisizo na namba, kwenye fremu nzuri kuliko zote dukani. Nikafungua daftari nikaandika: Kifaru. Kulia sifuri. Kushoto sifuri. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ananichungulia begani.

"Na nukta ngapi, mama?"

"Sifuri haina mbili ndani yake," nikamwambia. "Hapo hata mzee angeshindwa."

Akacheka mpaka akaegemea mashine.

Siku ya mafunzo kuanza nilimsindikiza hadi geti la zimamoto, ingawa alisema nisimsindikize. Wenzake walikuwa wamepanga mstari uwanjani, na mkufunzi mwenye kipaza sauti alikuwa anagawa barakoa. Kifaru akaitwa. Akaivua ile miwani ya giza akanipa. "Nishikie, mama," akasema, akakimbia. Nilimwona akivaa barakoa, akikaza mikanda, mkufunzi akipapasa pande zote za uso wake kutafuta upenyo, kisha akampiga bega na kumpitisha. Mlinzi wa geti akaniuliza kama nimemaliza, maana nazuia njia. Nilikuwa nimeshika miwani nzuri kuliko zote nilizowahi kusaga, na mwanangu hakuwa anaihitaji.